Nchi Mbili na Magogo Yao: Ufilipino na Indonesia

Watu wengi wakisikia habari za biashara ya nchi za ng'ambo hufikiri dhahabu, kahawa, pamba, au mafuta. Ni wachache wakumbukao kwamba gogo la mti nalo ni mali isafiriyo baharini, na kwamba zipo nchi zilizojenga barabara, bandari na miji kwa fedha ya magogo. Kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili si geni kabisa. Kwa karne nyingi majahazi yalichukua boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi, kwenye nchi kavu zisizo na miti ya kujengea. Lakini boriti ni kitu chembamba. Leo nataka kueleza habari za magogo makubwa, na za nchi mbili za Mashariki zilizoyauza kwa wingi kuliko karibu nchi zote za joto, yaani Ufilipino na Indonesia.

Nimezichagua hizi mbili kwa sababu walikuwa na msitu wa namna moja, mnunuzi mmoja, na bahari moja. Walakini mwisho wa biashara yao haukuwa mmoja. Mwenye kuziweka hesabu zao pande mbili za ukurasa mmoja hujifunza jambo ambalo hesabu ya nchi moja peke yake haiwezi kumfunza.

Kwanza tuzitafute nchi hizo katika ramani. Mtu akiondoka pwani yetu kwa meli, akaikata Bahari ya Hindi kwenda mashariki, akakipita kisiwa cha Sri Lanka, atafika kisiwa cha Sumatra. Huo ndio mlango wa Indonesia. Mbele yake kuna Java, ndipo Borneo, kisiwa kikubwa ambacho sehemu yake ya kusini huitwa Kalimantan, kisha Sulawesi, na visiwa vingine maelfu hata Papua. Upande wa kaskazini wa hivyo ndiko kuliko Ufilipino, visiwa zaidi ya 7,000, ambavyo Luzon na Mindanao ndivyo vikubwa. Wala nchi hizi si za mbali sana nasi kama tunavyodhani. Lugha ya Wamalagasi wa Madagaska, jirani zetu, ni ndugu wa karibu wa lugha za Kalimantan, maana mababa zao walivuka bahari kutoka huko zamani.

Sasa tuutazame mti wenyewe. Katika misitu ya nchi zote mbili hutawala jamaa moja ya miti mirefu. Wafilipino huiita lauan, na Waindonesia huiita meranti, lakini ni ukoo mmoja. Shina lake huenda juu limenyoka kama mlingoti, bila tawi mpaka juu sana, na mti mzima waweza kuupita mnazi mrefu mara mbili. Mbao zake ni laini kwa msumeno, nazo zapendeza kwa macho. Tena magogo ya aina nyingi za miti hii huelea majini, hivi hata mahali pasipo barabara mto wenyewe huwa mchukuzi. Wafanya biashara huita mbao za namna hii "mbao ngumu," lakini msomaji asidanganyike kwa jina. Katika soko la dunia jina hilo lina maana ya mbao za miti yote ya majani mapana, zipate kutengwa na zile za misonobari na jamaa zake.

Mti huu una tabia moja ambayo ndiyo shina la habari yetu. Hauzai kila mwaka. Miti ya msitu mzima yaweza kukaa miaka kadhaa bila matunda, kisha ikazaa yote pamoja. Mbegu zikianguka, huota katika majuma machache au hufa; hazingojei udongoni kama mbegu za majani. Kwa hiyo msitu wa lauan hauna akiba iliyofichwa. Akiba yake ni mama waliosimama na watoto walioota chini yao. Mwenye kukata mama na kuwavunja watoto kwa matingatinga amefunga duka lake mwenyewe.

Tuanze na Ufilipino, maana ndiyo iliyotangulia. Wamarekani walipoichukua nchi hii kutoka kwa Wahispania mwaka 1898, yakadiriwa kwamba msitu ulifunika sehemu kama saba katika kila kumi za nchi. Serikali mpya iliweka idara ya misitu, na mwaka 1904 sheria ya misitu ikatolewa. Mwaka huo huo kampuni ya Kimarekani ilianza kazi katika kisiwa cha Negros, ikaleta injini za mvuke, kamba za chuma za kuvutia magogo, na reli iliyoingia ndani ya msitu. Wenyeji walikuwa wamezoea shoka, nyati wa kuvuta, na maji ya mto. Sasa mti uliochukua siku nyingi kutolewa msituni ulitoka kwa saa chache. Mbao za lauan zilikwenda Marekani, na wafanya biashara wakaziita mahogani ya Ufilipino, ingawa mti huo si wa ukoo wa mahogani hata kidogo. Jina zuri lilisaidia kuuza.

Hata hivyo, kabla ya vita vya 1939 mpaka 1945 biashara hii ilikuwa bado ndogo. Kilichoikuza kilitokea Japani. Baada ya vita milima ya Japani ilikuwa imekatwa mno, na nyumba nyingi zilikuwa zimeteketea. Viwanda vya Japani vilitaka magogo ya kutengenezea plaiwudi, yaani mbao nyembamba zinazobandikwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka, na plaiwudi hiyo nyingine iliuzwa tena Marekani. Serikali ya Japani iliyapokea magogo mabichi bila ushuru, lakini plaiwudi iliyotengenezwa nje ilitozwa ushuru. Mtu yeyote aliyewahi kuuza sokoni ataona maana yake mara moja. Mnunuzi alisema hivi: "Nileteeni mti, kazi ya mikono nitaifanya nyumbani kwangu." Basi Ufilipino, iliyopata uhuru wake tarehe 4 Julai 1946, ikauza miti, na mishahara ya viwandani ikabaki Japani.

Wakataji walihamia Mindanao, kisiwa cha kusini, na magogo yakateremshwa mitoni mpaka kwenye bandari. Hata kufika mwisho wa miaka ya 1960 Ufilipino ilikuwa ikipeleka nje zaidi ya meta za ujazo milioni 8 kwa mwaka. Meta moja ya ujazo ni kama sanduku lenye urefu, upana na kimo cha meta moja. Tukisema lori kubwa lachukua masanduku 20 ya namna hiyo, basi magogo ya mwaka mmoja yalikuwa mizigo 400,000 ya malori, yaani zaidi ya 1,000 kila siku, pamoja na Jumapili na sikukuu. Magogo yalikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza zilizoiletea nchi fedha za kigeni.

Fedha hizo zilikwenda wapi? Serikali ndiyo iliyokuwa mwenye msitu kwa sheria, nayo ilitoa leseni za kukata. Leseni nyingi mwanzoni zilikuwa za miaka michache tu. Baadaye, katika utawala wa Ferdinand Marcos, aliyekuwa rais tangu mwaka 1965 mpaka 1986, leseni za miaka 25 zilitolewa kwa wingi, na nyingi zilikwenda kwa rafiki na wafuasi wa wakubwa. Katika miaka ya 1970 wenye leseni walikuwa zaidi ya 400, na maeneo yao pamoja yalikuwa kama theluthi moja ya nchi nzima. Kodi waliyolipa kwa kila mti ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na bei ya gogo bandarini. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo iliyokuwa faida, nayo haikurudi msituni wala kijijini.

Wakati huo jirani yake alikuwa akiamka. Indonesia ilitangaza uhuru wake kwa Waholanzi tarehe 17 Agosti 1945. Biashara ya mbao ilikuwa ya kale huko, lakini zaidi ilikuwa ya msaji wa kisiwa cha Java, ambao Waholanzi waliutunza katika mashamba ya serikali. Misitu mikubwa ya meranti, huko Kalimantan na Sumatra, ilikuwa haijaguswa sana. Ndipo Jenerali Suharto aliposhika utawala, nchi ikiwa na madeni mengi na bei za vitu zimepanda sana. Mwaka 1967 sheria mbili zilitolewa: moja ya kuwakaribisha wenye mali wa kigeni, na ya pili ya kuiweka misitu yote mikononi mwa serikali. Mlango ulifunguliwa wazi. Wakaja Wajapani, wakaja Wamarekani, wakaja hata makampuni ya Ufilipino yenyewe, maana waliona kwao miti ya karibu inapungua.

Katika miaka ile ya kwanza watu wa Kalimantan waliona jambo ambalo wazee wao wangali wanalisimulia. Watu kwa maelfu waliacha mashamba, wakaingia msituni na mashoka, wakakata miti iliyo karibu na mito, wakangoja mvua. Maji yalipofurika, magogo yaliteremka pamoja na mafuriko mpaka mjini, na meli zikangojea mdomoni mwa mto. Waliiita biashara hiyo banjir kap, maana yake ukataji wa mafuriko. Kwa muda mfupi hata mtu maskini alipata fedha. Lakini miaka haikuwa mingi serikali ikaupiga marufuku ukataji huo wa mikono, na msitu ukabaki kwa makampuni yenye leseni na matingatinga.

Hesabu za Indonesia zilipanda kama moshi. Nchi ambayo katikati ya miaka ya 1960 haikuwa na jina katika soko la magogo, mwaka 1973 ilipeleka nje zaidi ya meta za ujazo milioni 18, yaani zaidi ya mara mbili ya Ufilipino ilipokuwa kileleni. Katika miaka hiyo ya 1970 magogo yalikuwa bidhaa ya pili baada ya mafuta ya petroli katika kuiletea nchi fedha za kigeni.

Hapa nataka msomaji achukue kalamu, maana hesabu kubwa huweza kudanganya. Mtu akitazama milioni 8 na milioni 18, atasema Indonesia ndiyo iliyokata bila huruma. Lakini Ufilipino ni nchi ya hekta kama milioni 30, na Indonesia ni ya hekta kama milioni 190. Hekta moja ni ekari mbili na nusu hivi. Tugawanye. Katika kila hekta 100 za nchi, Ufilipino ilipeleka nje meta za ujazo kama 27 kwa mwaka. Indonesia ilipeleka kama 9. Kumbe aliyeuza kidogo ndiye aliyekuwa akikata mali yake kwa haraka zaidi, karibu mara tatu. Ndivyo ilivyo kwa watu pia. Mwenye ng'ombe 60 akiuza 6 hajafilisika. Mwenye ng'ombe 10 akiuza 3 kila mwaka, baada ya miaka michache huchunga fimbo.

Hayo ndiyo yaliyoipata Ufilipino. Mwaka 1975 serikali ilitoa amri kwamba kuanzia mwaka uliofuata magogo yasiuzwe tena nje, ila yapasuliwe nchini. Lakini amri ilitolewa kwa mkono mmoja, na ruhusa za pembeni zikatolewa kwa mkono wa pili. Magogo yaliendelea kutoka, mengine kwa ruhusa na mengine usiku. Twajuaje? Twajua kwa daftari. Waliochunguza hesabu baadaye waliona kwamba magogo ambayo Japani iliandika kuwa imeyapokea kutoka Ufilipino yalikuwa mengi zaidi kuliko yale ambayo Ufilipino iliandika kuwa imeyapeleka. Gogo haliwezi kuzaliwa baharini. Tofauti hiyo ilikuwa wizi, na wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Marufuku kamili ya kupeleka magogo nje ilikuja mwaka 1986, na ya mbao zilizopasuliwa kutoka misitu ya asili ikafuata mwaka 1989. Mwaka 1992 serikali ilikataza kabisa kukata msitu wa kale ambao haujawahi kukatwa. Lakini kufika mwisho wa miaka ya 1980 msitu ulikuwa umebaki kidogo zaidi ya sehemu moja katika kila tano za nchi. Ufilipino ikaanza kununua mbao kwa wengine. Sheria ilifika ikakuta ghala limekwisha kufagiliwa.

Wenyeji hawakunyamaza. Katika wilaya ya San Fernando, jimbo la Bukidnon, huko Mindanao, wakulima mwaka 1987 waliketi barabarani kuyazuia malori ya magogo, kwa maana waliona mito yao ya kumwagilia mpunga inakauka. Walikuwa watu wa parokia, wala hawakuwa na silaha. Mwezi wa Januari 1988 maaskofu Wakatoliki wa Ufilipino walitoa barua kwa waumini wote juu ya uharibifu wa nchi yao. Padre Nery Lito Satur, aliyepewa mamlaka na serikali ya kuwazuia wakataji wasio na ruhusa katika jimbo lile lile la Bukidnon, aliuawa kwa risasi mwezi wa Oktoba 1991. Mwezi uliofuata, tarehe 5 Novemba, tufani ilileta mvua kubwa katika mji wa Ormoc, kisiwa cha Leyte, na mafuriko yaliua watu kama 5,000 kwa muda wa saa chache. Milima ya juu ya mji haikuwa na msitu tena. Ilikuwa mashamba ya miwa na minazi. Si haki kuwatwika wakata magogo lawama yote ya siku ile, kwa kuwa mkulima naye alikuwa na sehemu yake. Ila mara nyingi katika nchi ile barabara ya gogo ndiyo iliyotangulia, na jembe na moto vikafuata nyuma yake.

Sasa turudi Indonesia. Wahenga wetu husema, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Indonesia ilimwona mwenzake akinyolewa, ikatia maji, lakini upande mmoja tu wa kichwa. Iliona kwamba kuuza mti mbichi ni kumpa mgeni kazi na mshahara. Kwa hiyo mwaka 1980 mawaziri watatu walitoa amri ya kupunguza magogo yaendayo nje, na kila kampuni ikatakiwa kujenga kiwanda. Mauzo ya magogo yakaporomoka, hata mwaka 1982 hayakufika milioni 4, na mwaka 1985 yakakatazwa kabisa. Mwaka 1973 nchi ilikuwa na viwanda viwili tu vya plaiwudi. Miaka kumi na mitano baadaye vilikuwa zaidi ya 100. Kufika mwanzo wa miaka ya 1990 Indonesia ilikuwa ya kwanza duniani kwa kuuza plaiwudi nje, zaidi ya meta za ujazo milioni 8 kwa mwaka, na viwanda vingi vya Japani vilivyotegemea magogo vilifungwa.

Hilo lilikuwa jambo kubwa, wala halistahili kudharauliwa. Watu kwa mamia ya maelfu walipata kazi. Nchi iliyotawaliwa na wageni kwa miaka mingi ilimwambia mnunuzi, "Sasa utanunua kazi ya mikono yetu." Wengi katika nchi maskini waliisifu, na baadhi yao wakaiga.

Lakini tutazame upande wa pili wa kichwa. Kwa sababu magogo yalikatazwa kutoka, bei yake ndani ya nchi ilishuka chini sana kuliko bei ya dunia. Mwenye kiwanda aliyepata gogo kwa bei ya bure hakuona sababu ya kulipasua kwa uangalifu. Vipande vingi vilitupwa, na mti mwingine ukakatwa badala yake. Tena kiwanda kikisha kujengwa ni kinywa kisichofunga; mkopo wa benki hudai kila mwezi, msitu uwe umekua au haujakua. Na biashara yenyewe ilishikwa na watu wachache. Bob Hasan, rafiki wa Suharto, aliongoza chama cha wenye viwanda vya plaiwudi, na bila chama hicho hapana aliyeweza kuuza nje. Mwaka 2001, Suharto akiwa amekwisha kuondoka madarakani, Hasan alihukumiwa kifungo kwa ubadhirifu wa fedha zilizotolewa kwa kazi ya kupiga ramani za misitu. Hata kalamu ya kuandikia ukubwa wa ghala iliibwa.

Tena kulikuwa na kosa moja ndani ya sheria yenyewe, nami nadhani ndilo kubwa kuliko yote. Wataalamu wa misitu wa Indonesia walikuwa wamepanga kwamba mahali palipokatwa miti mikubwa paachwe miaka 35, ili midogo ipate kukua, ndipo wakataji warudi. Mpango huo ulikuwa wa busara. Lakini leseni ilitolewa kwa miaka 20. Mtu aliyepewa shamba kwa miaka 20 atawezaje kungojea mavuno ya mwaka wa 35? Atakata yote awezayo, kisha aende zake. Sheria ilimwagiza mpangaji awe na moyo wa baba mwenye nyumba, huku ikimwambia kwamba nyumba si yake.

Msitu uliovunjwavunjwa hukauka, na ukikauka huwaka. Mwaka 1982 na 1983, wakati wa ukame mkubwa, moto uliteketeza zaidi ya hekta milioni 3 katika Kalimantan ya Mashariki, na palipokuwa pamekatwa paliungua vibaya kuliko palipokuwa hapajaguswa. Mwaka 1997 na 1998 moto ulirudi, na moshi wake ukafunika nchi za jirani. Katika msiba huo huo fedha ya Indonesia ilianguka, na shirika la fedha la dunia, IMF, likatoa mkopo kwa masharti; mojawapo ni kwamba marufuku ya magogo iondolewe. Ikaondolewa mwaka 1998. Magogo yakaanza kutoka tena, ya halali na ya wizi, hata mwezi wa Oktoba 2001 serikali ikayakataza mara ya pili. Tangu hapo adui wa msitu hakuwa shoka la mbao peke yake. Mamilioni ya hekta yamefanywa mashamba ya michikichi na ya miti ya kutengenezea karatasi.

Basi tuziweke sasa nchi hizi mbili katika mizani. Kwa hesabu ya mwaka 2020, Ufilipino ilikuwa na msitu katika sehemu kama moja kati ya nne za nchi yake, na Indonesia ilikuwa nao katika karibu nusu. Ufilipino iliacha kuuza magogo kwa sababu magogo yalikuwa yamekwisha. Indonesia iliacha kwa sababu ilitaka viwanda vyake. Katika vitabu vya forodha miisho hiyo miwili hufanana, maana mstari wa magogo hushuka mpaka sifuri. Lakini hapana mmoja kati yake uliotokea kwa sababu mtu alihesabu kwanza miti inayoota, kisha akasema, "Tukate kiasi hiki, tusizidi." Ya kwanza iliacha msitu wake mikononi mwa mnunuzi, ya pili ikaukabidhi kwa mwenye kiwanda. Mti haujui kama msumeno unaoungojea uko Osaka au Samarinda.

Wala tusiwasahau watu waliokuwa wakikaa ndani ya misitu hiyo kabla ya leseni ya kwanza. Wadayaki wa Kalimantan na makabila ya milimani ya Mindanao walijua kila mto na kila mti wa asali, lakini karatasi ya serikali haikuwataja. Haki yao ilichelewa sana kuandikwa. Ufilipino ilitoa sheria ya ardhi za wenyeji mwaka 1997, na mahakama ya katiba ya Indonesia iliamua mwaka 2013 kwamba msitu wa jadi wa wenyeji si msitu wa serikali. Mwenye kukaa karibu na mti ndiye wa kwanza kusikia shoka. Kumnyima sauti ni kumfukuza mlinzi na kumwachia mwivi ufunguo.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya visiwa vya mbali. Tanzania nayo ilikataza kupeleka magogo mabichi nje mwaka 2004. Hata hivyo uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mali ya miti ambayo China iliandika kuwa imeipokea kutoka Tanzania ilikuwa mara kumi ya ile iliyoandikwa katika daftari la Tanzania yenyewe. Ni hadithi ile ile ya Ufilipino na Japani, bandari tu ndizo zimebadilika. Mti uliopotea kati ya madaftari mawili ulikuwa mpingo, mninga au mkongo wa kijiji fulani, na kijiji hicho hakikupata hata bei ya mpini wa shoka.

Lakini dawa nayo yajulikana. Sheria ya misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi, na kuuvuna kwa mpango wake chenyewe. Katika wilaya ya Kilwa viko vijiji vilivyofanya hivyo: vilihesabu miti kwanza, vikapanga idadi ya kukatwa, ndipo vikauza, na fedha ikaingia katika mfuko wa kijiji. Kazi hiyo haina makuu. Yataka kamba ya kupimia, daftari, watu waaminifu wa kamati, na mkutano ambao kila mtu aweza kuuliza, "Mwaka huu imekatwa mingapi, na imebaki mingapi?"

Swali hilo dogo ndilo ambalo Ufilipino na Indonesia hawakuliuliza kwa wakati wake. Waliuliza bei, wakauliza ushuru, wakauliza mahali pa kiwanda. Yote yafaa kuulizwa, lakini huja baadaye. Chovya chovya humaliza buyu la asali, liwe buyu dogo la hekta milioni 30, au kubwa la hekta milioni 190. Tofauti ya ukubwa wa buyu ni tofauti ya miaka tu. Basi kila kijiji kilicho na msitu kiuhesabu sasa, maana baada ya lori la mwisho kupita hesabu hubaki historia, nayo historia haijengi nyumba wala haizuii mafuriko.